Mtihani Huanza Gredi ya Nne
Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Malindi kuhusu tathmini za kitaifa katika shule za umma



Mazungumzo haya yanahusu jambo linalomgusa kila mwenye mtoto katika shule ya umma, kuanzia Shella na Ganda hadi Kakuyuni, Jilore na Langobaya. Mtihani wa KCPE umekwisha. Mahali pake pamechukuliwa na tathmini mbili: KPSEA katika Gredi ya 6 na KJSEA katika Gredi ya 9. Wazazi wengi wamesikia majina haya redioni au wameyaona katika barua ya shule. Wachache wameelezwa jinsi alama zinavyopatikana, na hapo ndipo hasara inapoingia, kwa sababu mzazi asiyejua hesabu hii hungoja mwaka wa mwisho ndipo aanze kuhangaika. Kwa mpango wa sasa, mwaka wa mwisho ni kuchelewa.

Ilikotoka

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi si jambo geni. Wazee waliosoma kabla ya mwaka 1985 wanaikumbuka CPE, iliyofanywa darasa la saba. Ilikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi moja iliyochanganya jiografia, historia na sayansi. Kiswahili hakikutahiniwa. Mtoto wa Malindi aliyezaliwa na lugha hiyo mdomoni hakupata hata alama moja kwa kuijua.

Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, liliundwa mwaka 1980. Kabla ya hapo baadhi ya mitihani ya Kenya ilisimamiwa pamoja na majirani chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ukaleta KCPE, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa.

KCPE ilidumu hadi mwaka 2023. Katika miaka yake ya mwisho mtoto alipimwa kwa alama 500, masomo matano, siku tatu. Siku hizo tatu ndizo zilizoamua kama atakwenda shule ya kitaifa, ya kaunti, au atarudi nyumbani. Mtoto aliyeamka na homa ya malaria Jumanne ya mtihani hakuwa na pengine pa kuonyesha alichojua kwa miaka minane. Serikali ilipoanza mwaka 2018 kusisitiza kwamba kila mtahiniwa wa KCPE aingie kidato cha kwanza, shinikizo lilipungua kidogo, lakini siku tatu zilibaki siku tatu.

Jinsi hesabu inavyofanywa sasa

KPSEA ilifanywa mara ya kwanza Novemba 2022. Ina karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi Jumuishi, na karatasi moja ya Sanaa na Masomo ya Jamii. Haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7. Kila mtoto huendelea. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi wamesema KPSEA haina maana. Hilo si kweli, na sababu iko katika hesabu ya Gredi ya 9.

KJSEA ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na wanafunzi zaidi ya milioni 1.1 nchini waliifanya. Matokeo yalitangazwa Desemba, na Januari 2026 wanafunzi hao wakaingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Alama ya mwisho ya mtoto katika Gredi ya 9 hujengwa kwa vipande vitatu. Asilimia 20 hutoka KPSEA ya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine hutoka tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 hutoka mtihani wenyewe wa Gredi ya 9.

Hapa inafaa mfano. Mtoto wa kwanza alipata asilimia 75 katika KPSEA. Hizo ni pointi 15 kati ya 20. Tathmini zake za shuleni zikawa asilimia 70, yaani pointi 14. Mtihani wa Gredi ya 9 haukumwendea vizuri, akapata asilimia 50, yaani pointi 30 kati ya 60. Jumla yake ni 59. Mtoto wa pili alizembea miaka ya mwanzo. Alipata asilimia 40 katika KPSEA na asilimia 40 katika tathmini za shuleni, yaani pointi 8 na 8. Mwaka wa mwisho mzazi akauza mbuzi, akamtafutia mwalimu wa jioni, mtoto akajikaza na kupata asilimia 70, yaani pointi 42. Jumla yake ni 58. Amemshinda mwenzake kwa mbali katika karatasi ya mwisho, na bado yuko nyuma yake kwa alama moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtoto wa Gredi ya 9 maneno hayo ni hesabu. Siku mtoto anapoketi kufanya karatasi ya kwanza ya KJSEA, asilimia 40 ya matokeo yake imeshaandikwa na haiwezi kufutwa.

Na kibaba chenyewe huanza kujazwa mapema zaidi. Tathmini za shuleni huanza Gredi ya 4, na mpango uliotangazwa KPSEA ilipoanza ulizipa tathmini za Gredi ya 4, 5 na 6 nafasi katika ripoti ya mtoto pamoja na mtihani wenyewe. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa au kumi anayebaki nyumbani kulisha mbuzi wiki ya tathmini anapoteza kitu.

Matokeo yanavyosomwa

Hakuna tena alama 380 kati ya 500 za kumpigia jirani kelele. Matokeo yako katika ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Katika KJSEA kila ngazi imegawanywa mara mbili, ikawa ngazi nane. Ya juu kabisa ina pointi 8 na ya chini kabisa ina pointi 1. Masomo ni tisa, kwa hiyo pointi za juu kabisa ni 72.

Mzazi anapopokea karatasi ya matokeo, jumla si jambo la kwanza la kutazama. La kwanza ni somo moja moja. Pointi ndizo zinazoonyesha mtoto anaelekea wapi kati ya mikondo mitatu ya sekondari pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kupangiwa shule kunategemea matokeo, chaguo la mwanafunzi mwenyewe na nafasi zilizopo katika shule. Mtoto aliyechagua mkondo wa sayansi kwa sababu jirani alichagua hivyo, huku pointi zake nzuri ziko katika lugha na masomo ya jamii, atateseka miaka mitatu.

Na ngazi ya chini isisomwe kama hukumu. Mtoto aliye mbali na matarajio katika Hisabati ameonyesha kwamba kuna kitu hakufundishwa, au alifundishwa siku ambayo hakuwepo, au alikuwepo na njaa. Kumchapa hakumrudishii somo lililompita. Kumuuliza mwalimu ni mada zipi zilizompita kunaweza kumrudishia.

Darasa la kwanza kupita njia hii

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wanastahili kutajwa kwa heshima, kwa sababu yaliyowapata yanafundisha mengi kuhusu mitihani. Walikuwa Gredi ya 4 mwaka 2020. Machi mwaka huo shule zikafungwa kwa sababu ya korona, wakakaa nyumbani hadi Oktoba. Mwisho wa mwaka huohuo mvua zikaanza kukatika, na ukame uliendelea hadi mwaka 2023. Kilifi ni miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame, na upande wa bara wa kaunti hii ulibeba mzigo mkubwa. Ilipofika Novemba 2022 wakafanya KPSEA. Desemba ikaamuliwa kwamba sekondari msingi itakuwa katika shule za msingi, na Januari 2023 wakaanza Gredi ya 7 katika viwanja vilevile, mara nyingi bila maabara na kwa walimu wachache.

Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, lakini miaka inayotangulia mtihani si sawa kwa kila mtoto. Mtoto wa mjini mwenye taa, maji na shule umbali wa dakika kumi, na mtoto wa kijiji ambako Mto Sabaki ukifurika njia hukatika na ukikauka mifugo huhama, wote hujibu swali lilelile. Karatasi haiulizi mtahiniwa alitembea kilomita ngapi. Hiyo ni sababu ya kuyasoma matokeo kwa akili, na ni sababu kubwa zaidi ya kuziba mapengo kabla ya mtihani, maana baada ya mtihani hayazibiki.

Kusoma kunatangulia yote

Shirika la Uwezo lilipoanza kupima watoto wa Kenya nyumbani kwao, miaka kumi na mitano hivi iliyopita, liligundua kwamba ni watoto watatu hivi kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Hao walikuwa watoto walioandikishwa shule na kuhudhuria. Mtoto asiyeweza kusoma kwa ufasaha hufeli Sayansi kabla ya kuisoma sayansi yenyewe, kwa sababu swali limempita.

Hapa Malindi jambo la lugha lina sura yake. Mtoto wa nyumba ya Kigiriama husoma Kiswahili kama lugha ya pili na Kiingereza kama ya tatu. Mtoto wa Mswahili wa mjini naye huingia chumba cha mtihani akiamini Kiswahili ni chake, kisha akapoteza alama. Nyumbani husikia bibi akisema “ndoo hapa, n'kuone mato,” naye anaelewa kwamba anaitwa ili macho yake yatazamwe. Katika Kiswahili sanifu hilo ni “njoo,” na ndoo ni chombo cha maji. Lugha ya bibi si kosa, na haifai kuaibishwa. Mtoto anatakiwa tu kujua kwamba kuna ya nyumbani na kuna ya karatasi, na kuzitumia zote mbili mahali pake. Njia ya kumfikisha huko ni kusoma: gazeti lililofungiwa sukari, kitabu cha hadithi cha shule, tangazo la zahanati. Dakika kumi na tano kila jioni, mtoto akisoma kwa sauti na mtu mzima akisikiliza, hata kama mtu mzima huyo hajui kusoma.

Wanaokosekana chumbani

Kuna watoto ambao matokeo yao hayawi mabaya kwa sababu hawana matokeo kabisa. Wavulana huvutwa na bodaboda, uvuvi, kazi za ufukweni na mashamba ya chumvi. Anayepata shilingi mia tatu kwa siku akiwa na miaka kumi na minne huona shule inamchelewesha. Wasichana hukatizwa na mimba za mapema, na kila mtu katika kaunti hii anajua mchango wa disko matanga katika jambo hilo.

Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shule. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unasema hivyo waziwazi. Hafukuzwi kwa sababu ya mimba, na huruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa. Mwalimu au mzazi anayemwambia “safari yako imeishia hapa” anamnyima kitu ambacho serikali haijamnyima. Vilevile Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na kuacha kufanya hivyo ni kosa.

Udanganyifu hauna faida

Ni lazima pia kusema juu ya karatasi za kununua. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, uliojaa uvujaji, watahiniwa zaidi ya 2,600 nchini walipata alama ya A. Mwaka uliofuata, baada ya usimamizi kukazwa, waliopata A walikuwa 141. Tofauti hiyo ilikuwa na mguso kwa kila mtoto aliyesoma kwa haki mwaka 2015 akakosa nafasi ya chuo kwa mwenye simu. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inaadhibu kwa faini na kifungo, na adhabu haimhusu mwanafunzi peke yake.

Mpango mpya una mlango wake wa udanganyifu. Tathmini za shuleni husahihishwa na mwalimu wa shule hiyohiyo, kisha alama hupelekwa KNEC. Mwalimu anayeombwa na mzazi “kumwinua kidogo” mtoto, na shule inayowapa wote alama za juu ili ionekane nzuri, huwaumiza watoto wao wenyewe, kwa sababu mtihani wa Gredi ya 9 utaonyesha tofauti na hakuna atakayekuwa ameona mapema kwamba mtoto alihitaji msaada. Mwalimu asiyepeleka alama kwa wakati naye huacha pengo katika rekodi ya mtoto. Mzazi ana haki ya kuuliza kama alama za mtoto wake zimepelekwa.

Kazi ya kaunti na kazi ya taifa

Malalamiko mengi hufika katika ofisi isiyohusika. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, iligawanya kazi. Sera ya elimu, mtaala, mitihani, na shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo swali kuhusu matokeo ya KJSEA hupelekwa kwa mwalimu mkuu, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Wizara ya Elimu. Swali kuhusu darasa la chekechea, mwalimu wa PP1 na PP2, chuo cha ufundi, au ufadhili wa masomo wa wadi hupelekwa kwa ofisi za serikali ya kaunti, kuanzia kwa msimamizi wa wadi.

Mgawanyo huu hauifanyi kaunti kuwa mtazamaji. Mtoto anayefika Gredi ya 1 akiwa ameshazoea kushika kalamu, kuhesabu na kusikiliza hadithi, ametengenezwa chekechea. Na kijana ambaye matokeo yake hayakumpeleka alikotaka anaweza kujifunza umeme, useremala, ushonaji au ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, akashindana na yeyote.

Ya kufanya kuanzia Jumatatu

Kwanza, majina. Mtoto hupewa nambari ya tathmini ya KNEC anapoandikishwa kwa tathmini ya Gredi ya 3, na nambari hiyo humfuata. Pwani mtoto mmoja huweza kuwa na jina la nyumbani, la chuoni na la shuleni. Cheti cha kuzaliwa na jina la shuleni lazima vilingane, na wakati wa kurekebisha ni sasa, si wiki ya usajili. Asiye na cheti aanze katika ofisi ya usajili wa vizazi.

Pili, kila muhula mzazi aombe ripoti ya tathmini za shuleni na aulize swali moja: ni somo gani mtoto anakaribia matarajio lakini hajafika? Hapo ndipo msaada mdogo unapoleta mabadiliko ya haraka.

Tatu, ratiba ya tathmini ijulikane nyumbani, ili safari za mazishi, harusi na kuvuna zisimwondoe mtoto wiki hiyo.

Nne, miradi ya vitendo. Kilimo na masomo ya ufundi hupimwa kwa kazi za mikono, na mtoto hahitaji vifaa vya kununua kila mara. Makuti, vifuu, udongo na chupa tupu vinatosha kwa mengi. Lakini kazi iwe yake. Mradi uliotengenezwa na fundi wa mtaa haumfundishi kitu.

Tano, chakula. Shule zenye mpango wa chakula hukaa na watoto. Zisizokuwa nao, wazazi na halmashauri ya shule wanaweza kukubaliana kuhusu mahindi, kunde na kuni. Kikombe cha uji saa nne kimewahi kumweka mtoto darasani pale ambapo fimbo ilishindwa.

Mwaka huu pia kuna watoto wa Malindi walio Gredi ya 4. Kwao KJSEA iko miaka mitano mbele, na wazazi wao ndio wenye nafasi kubwa kuliko wote. Mwalimu wa darasa lao anapatikana shuleni. Mzazi aliye na mtoto katika gredi hiyo aende akamwone kabla ya mwisho wa mwezi.